Mgeni Mwenye Shingo Mbovu

Mwanamke mwenye wajukuu akijipaka poda, akaifuta, kisha akajipaka tena, majirani wana haki ya kufungua madirisha. Asubuhi ile Matroni alijipaka poda mara mbili, akavaa gauni la buluu aliloagwa nalo kazini, akatoka nje kama bibi harusi anayechelewa. Alikuwa anakwenda kutazama mito. Mito ya kulalia, ya sufi, aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe tangu alipostaafu.

"Mama, unakwenda kutazama mito au unakwenda kuposwa?" aliuliza binti yake, aliyekuwa ameshika usukani.

"Endesha gari, Meneja."

Alimwita Meneja kwa sababu binti alikuwa meneja kweli huko kazini kwake, na kwa sababu tangu mama yake astaafu alijipa cheo cha kummeneji na yeye pia. Alikuwa amekuja na gari kubwa, viti vya nyuma amekwisha kuvilaza kabisa, tayari kupakia masanduku. Msimamo wake haukuwa na kona. Mtu akistaafu apumzike, tena apumzike kwa mtoto wake, katika kile chumba cha nyuma chenye meza ya pasi.

"Kupumzika ni kazi ya marehemu," Matroni alimjibu kila mara. "Mimi bado sijaajiriwa huko."

Wakabishana mpaka wakakubaliana. Leo wangekwenda wote wawili kwenye ile nyumba ya wageni ng'ambo ya bonde, inayonunua mito ya Matroni kila wiki. Binti akiiona vitandani kwa macho yake, asingetaja tena habari za kuhama. Tena angempokea yule Dereva kwa mikono miwili, badala ya kumwitikia salamu kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Asipoiona, Matroni angefunga nyumba yake na kwenda kuishi na meza ya pasi.

Matroni alikubali huku anacheka. Angeogopa nini? Mito ilikuwako. Dereva ndiye aliyeipeleka.

Na huyu Dereva, tusimpite kama kituo kisicho na abiria. Alikuwa dereva wa basi katika shule ile ile ya bweni ambako mama huyu alikuwa matroni. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mazungumzo yao yalikuwa mawili. Yeye alisema, "Matroni," kupitia dirisha la basi. Mwenzake alijibu, "Dereva," akiwa amekumbatia mashuka. Basi. Kila mmoja alikuwa na mwenzi wake nyumbani, na kila mmoja akaja kumzika wake. Walipostaafu, mwanamume akanunua bajaji, mwanamke akanunua cherehani na gunia la sufi, na mazungumzo yakaongezeka.

Kila Jumatatu Dereva alipakia mito akaipeleka ng'ambo, akarudi na malipo. Lakini si malipo yaliyomfanya Matroni asimame mlangoni akimsubiri. Alisubiri maneno.

"Walisemaje?" aliuliza kabla injini haijazimwa.

"Wewe! Yule mgeni wa chumba cha juu, yule mwenye shingo mbovu, amekuja tena. Ameomba mto wako kwa jina. Alikuwa akitaka kutazama kando anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Sasa anageuza shingo kama feni."

Matroni alicheka mpaka akafuta macho. Mgeni yule akawa wake. Alimwombea. Alimshonea mto wa peke yake, wa kitambaa cha kijani, ukingo umekunjwa kama ua, akaupeleka kwa mkono wa Dereva na salamu za pole.

"Ameupokeaje?"

Siku hiyo Dereva alizima injini kwanza. Kisha alimtazama kwa yale macho yake yaliyozoea barabara ndefu. "Amesema aliyeshona huu ana mikono ya mtu anayetaka wenzake walale salama."

Ni baada ya maneno yale ndipo alipomwomba wafunge ndoa, na ni baada ya maneno yale ndipo Matroni alipokosa sababu ya kukataa. Jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa amepanga kumpa leo, akitoka kuiona mito yake vitandani.

Mapokezi ya nyumba ya wageni yalinukia dawa ya sakafu. Nyuma ya meza alikuwako msichana mwenye hereni kubwa.

"Shikamoo, mama. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule wa mito."

Msichana alitabasamu, akasubiri maneno mengine. Hayakuja. "Mito gani, mama?"

"Wanayolalia wageni wenu. Ya sufi. Anayoileta Dereva, mzee wa bajaji."

"Ngoja nimwite dada wa vyumba."

Dada wa vyumba alikuja na shuka begani. Aliposikia, alikunja uso akitafuta kumbukumbu, akaipata, na usoni ikaonekana kwamba angependa asingeipata. "Ah, ndiyo. Kuna mzee alileta miwili. Zamani kidogo, kabla ya mvua. Tulimrudishia siku ile ile."

"Mlimrudishia kwa nini?"

Dada alilitazama gauni la buluu. Akaitazama poda. "Tulikuwa na ya kwetu tayari, mama. Ya kutosha kabisa."

Matroni aliinua kidevu. Watu wa bweni wanakijua kidevu kile. "Na mgeni wa chumba cha juu? Mwenye shingo?"

"Hatuna chumba cha juu, mama," alisema dada wa vyumba polepole.

Hapo ndipo Matroni alipotazama juu. Palikuwa na dari, na juu ya dari bati, na juu ya bati mbingu tupu. Nyumba nzima ilikuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia. Alikuwa ameiona alipokuwa anashuka garini, akapita mlangoni kwa furaha yake bila kuhesabu ghorofa.

Alisubiri kicheko nyuma yake. Binti yake alikuwa na haki nacho. Kicheko hakikuja. Ulikuja mkono, ukamshika kiwiko taratibu kama mtu anavyomshika mgonjwa, na huo ndio uliouma.

Garini binti alisema, "Mama..."

"Nipeleke kwa Dereva."

"Mama, twende tu nyumbani. Sitasema kitu, naapa. Tutapakia taratibu."

"Nipeleke kwa Dereva, nimesema."

Hakuwahi kuingia nyumbani kwa Dereva. Kila alipodokeza, mwanamume alicheka akasema nyumba ya mgane haina kiti cha kumkalisha mwanamke mwenye heshima. Matroni aliona hiyo ni adabu, akazidi kumpenda kwa ajili yake.

Mlango ulifunguliwa naye mwenyewe. Shati lake lilikosa kifungo kimoja, kile cha pili kutoka juu, ambacho Matroni alikuwa amekwisha kukichagulia uzi moyoni. Aliliona gauni la buluu, na uso wake ukaangaza kama taa za basi zinapowashwa.

"Umeniletea jibu," alisema.

"Nimetoka ng'ambo."

Taa zikazimika.

"Nipishe," alisema Matroni.

"Sikiliza kwanza, mama wa watu..."

"Nipishe, Dereva."

Akampisha. Yeye ni nani asimpishe? Mbele ya sauti ile wavulana wenye ndevu walikuwa wakitoka kitandani wenyewe.

Mito ilikuwa sebuleni. Ilikuwa juu ya kabati na chini ya meza. Ilikuwa imepangwa ukutani mpaka dirisha likabaki ufa wa mwanga. Matroni aliijua mmoja mmoja kama watoto wa bweni: ile ya mistari ya msimu wa mvua, ile ya maua aliyoshona akiwa na homa na hakutaka kuchelewesha oda. Kwenye kiti cha kukalia mwenye nyumba, peke yake, ulikaa mto wa kijani wenye ukingo wa ua.

"Keti kwanza," Dereva aliomba.

"Nikalie nini? Kila kiti kina mgeni."

"Matroni..."

"Chumba cha juu kiko wapi? Nakuuliza wewe mwenye hoteli. Nionyeshe ngazi."

Dereva alitazama sakafu. "Siku ya kwanza nilipeleka. Haki ya Mungu, nilipeleka. Wakanirudishia. Nikarudi najiambia nitakueleza. Nafika, nakukuta umesimama mlangoni, umeshika mikono hivi, kitambaa chekundu kichwani. Nikafungua mdomo kusema kweli, yakatoka mengine."

"Yakatoka yapi?"

"'Wamechukua yote.' Ukacheka. Miaka yote ile shuleni sikuwahi kukusikia unacheka, hata siku Mkuu wa Shule alipoanguka na jukwaa. Nikasema basi, nitamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho uliniuliza walisemaje."

Nje, binti alikuwa ameteremsha kioo cha gari. Matroni alijua, na hakupunguza sauti. "Kwa hiyo umenunua mito yangu yote kwa jasho lako la bajaji, ukailundika humu kama magendo. Sawa. Wanaume wamefanya upumbavu mkubwa zaidi. Lakini yule mgeni, Dereva. Mimi nilimwombea yule mgeni! Shingo ile ilikuwa ya nani?"

Dereva alipeleka mkono shingoni. "Yangu."

"Wewe huna shingo mbovu."

"Sikuwa nayo. Niliulalia mto wako wa kwanza. Wiki nzima sikuweza kugeuka kulia. Nikifika njia panda nawauliza abiria kama upande ule kuna gari linakuja."

Hapa msomaji acheke akitaka. Matroni mwenyewe kicheko kilimpanda mpaka kooni, na alipogundua kwamba mtu huyu anaweza kumchekesha hata sasa, hasira ikamshika upya.

"Kwa hiyo ni migumu."

"Ni imara."

"Dereva!"

"Ni migumu. Ni migumu kama tofali, Matroni. Nisamehe."

Yalikuwa maneno ya kweli ya kwanza aliyowahi kuyasikia juu ya kazi yake, na asili ya ugumu ule ilikuwa bwenini. Kule alifundishwa kushindilia sufi kwa mti mpaka kidole gumba kisiingie, ili mto usipasuke usiku wa vita vya mito, na ili mkate wa kuibwa usipate pa kujificha. Kwa miaka mingi alishindilia hivyo, na hakuna aliyelalamika. Wanafunzi, kama ijulikanavyo, hawalalamiki kwa matroni. Hulalamika kwa Mungu.

"Mkunga wa zahanati alikuja kwangu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuja, akarudi, akarudi tena. Alitaka vimito vya kina mama wanaonyonyesha, wawekee watoto mapajani. Alisema nishone kimoja cha kujaribu, na kikiwa na kasoro ataniambia. Unajua nilimjibu nini? 'Sina nafasi, dada. Nina hoteli.' Na kidevu juu."

"Sikujua hilo."

"Utajuaje? Ulikuwa unaleta majibu, hukuwa unauliza."

"Nilikupenda, mama. Nilikuona umetoka shuleni na ile zawadi ya saa ya ukutani, unatembea kama mtu aliyeambiwa asiharakishe tena. Nikasema huyu akiambiwa hapana mara moja tu, anakwenda kukaa kwa binti yake, na mimi simwoni tena. Nilikuwa nakushikilia."

"Kwa uongo."

"Kwa nilichokuwa nacho."

"Ungeniambia kweli."

"Ungefanya nini?"

"Ningelia," alisema Matroni. "Kisha ningefungua mshono."

 Lilikuwa jambo dogo mno, na katika Jumatatu zote zile halikumpitia Dereva akilini.

"Shule ilinistaafisha kwa hotuba na keki," Matroni aliendelea. "Nililia, lakini nilijua nimestaafu. Wewe ulinistaafisha kimyakimya, ukaniacha niamke kila alfajiri nikidhani naenda kazini. Ulinikalisha kwenye cherehani kama mtoto anayepewa usukani wa basi lililoegeshwa, anasema vruum, na watu wazima wanampigia makofi."

"Usiseme hivyo."

"Kama nimekosea popote, nisahihishe. Ah, nimesahau. Wewe husahihishi."

Alitaka mwanamume abishe. Alitaka apige meza, atetee uongo wake japo kwa hasira, ampe kitu cha kugombana nacho. Dereva alisimama tu katikati ya mito, mikono inaning'inia, machozi yanateremka bila kufutwa, na Matroni akajua kwamba bado anampenda. Ilikuwa habari mbaya kabisa, na ilifika wakati usiofaa.

Akachukua mto mmoja wa mistari, wowote, akatoka.

Binti aliruka nje kumfungulia mlango wa mbele. Matroni alimpita akafungua wa nyuma, penye viti vilivyolazwa.

"Lala," alisema.

"Nini?"

"Viti umelaza mwenyewe. Weka kichwa hapa, uniambie."

"Mama, nimevaa nguo za kazi. Watu wanatuona."

"Waone."

Binti aliangalia kushoto na kulia, akavua viatu, akajilaza ndani ya gari lake mwenyewe kama mzigo wa heshima. Kichwa kilipogusa mto kulisikika mlio mdogo.

"Haya. Sema."

"Si mbaya."

"Meneja." Matroni aliinama mlangoni. "Leo nimedanganywa kwa adabu kule mapokezi, na mle ndani nimedanganywa kwa mapenzi. Imetosha. Wewe tangu umezaliwa hujawahi kunionea haya, usianze leo. Sema."

Binti alimtazama mama yake. "Mama," alisema, "hili ni jiwe."

Matroni alivuta pumzi hadi chini kabisa. Akafungua mkoba, akatoa mkasi mdogo, maana matroni hastaafu na mkasi wake, akakata mshono wa ubavuni na kuchomoa konzi ya sufi.

"Sasa?"

"Jiwe dogo."

Konzi nyingine. Upepo ukaidaka, ukaipeleka kwenye uzio. "Sasa?"

"Bado. Hapa kwenye sikio pananisukuma."

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapo."

Akachomoa, akakung'uta, akatawanya iliyobaki kwa vidole. Sufi ilipeperuka langoni, ikatua juu ya bajaji, ikatua juu ya shati la Dereva, aliyekuwa amewafuata na kusimama pale bila kuthubutu kuvuka.

"Sasa?"

Hakuna jibu.

"Wewe, nimesema sasa?"

Binti alikuwa amefumba macho. Mikunjo yake ya kimeneja ilikuwa imelegea yote, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alifanana na mtoto aliyewahi kulala mgongoni mwa mtu. "Huu usimuuzie mtu," alinong'ona. "Huu wangu."

Matroni aligeuza uso upande wa pili mpaka akauweza. Kisha akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Amka. Inua hivyo viti, hakuna mzigo wa kupakia. Nipitishe kwa mkunga wa zahanati, nikamwombe radhi kwa kile kidevu. Akikubali nianze na kimoja, akitoe kasoro zote atakazoziona."

"Na chumba cha nyuma?"

"Kapige pasi."

Binti alikaa akiwa na sufi kichwani kama bibi kizee. Alifungua mdomo, mdomo wa maagizo, akaufunga. Akaanza kuinua viti.

"Matroni."

Dereva alikuwa amevuka lango, hatua moja tu. Alikuwa amekamata ukingo wa shati pale penye pengo la kifungo. "Niulize na mimi. Safari hii nitasema kweli. Hata ikiwa mbaya namna gani, nitaisema. Niulize chochote."

Matroni alimtazama. Alilitazama lile pengo la kifungo, na ile shingo iliyojilalia tofali kwa ajili yake, na yale macho ya barabara ndefu, na mkono wake ukataka kwenda wenyewe kumfuta sufi begani. Akaupa mkoba ushike.

"Wewe nilikuuliza, Dereva," alisema. "Kila Jumatatu."

Akaingia garini, akafunga mlango. Hakugeuka nyuma, na sauti haikumtetemeka hata kidogo alipoagiza gari liondoke. Alilia baada ya kona, mahali ambapo Dereva asingeweza kumwona, na binti yake akaendesha polepole bila kumpangia namna ya kulia.